Wengine

Miaka kumi na tisa nasimama hapa
baina ya hakimu na kizimba,
nakopa maneno ng'ambo hii, nayalipa ng'ambo ile.
Jumatano nilimfasiria Ngumbao Tsofa,
miaka ishirini, wa Kisauni:
kioo kimoja cha pembeni, cha gari,
kilichong'olewa kwenye foleni ya daraja la Nyali
saa moja na dakika kumi asubuhi.

Shati lake halikuwa na kifungo hata kimoja.
Hakimu akampa kifungo cha miezi kumi na minane.
Niwie radhi. Kazi hii humfanya mtu asikie mizaha
pasipo anayecheka.

Mlalamikaji, bwana wa forodha, alitaka kioo chake tu.
"Ni kielelezo," akaambiwa. "Hakitoki hadi muda wa rufaa upite."
Afisa wa majaribio alikuwa ameandika kurasa tatu:
kijana ana mkono wa kuchomelea vyuma,
apewe fundi, apewe mwaka.
Feni ilikuwa mbovu.
Hakimu alijipepea nazo.

Kisha likaja lile neno. Nalijua tangu anapokohoa.
Nikalitua kwa Kiswahili, kama nilivyolitua mara elfu:
ili iwe funzo kwa wengine.

Nikageuka kuwatafuta hao wengine.
Benchi la kwanza, Kadzo, mamake, na mfuko wa mabuyu ya kuuza.
La pili, wakili amesinzia, kesi yake ni ya saa tano.
La tatu, paka wa mahakama.
Wengine hawakuja.
Wengine walikuwa darajani, wanahesabu vioo.

Cha mwenzio kikinyolewa, chako tia maji. Sawa.
Lakini wembe unanyolea chumbani, mlango umerudishwa,
na Kisauni mabomba yamekauka tangu Ijumaa.

Kadzo akaniuliza kwa Kigiriama, polepole:
"Hao wengine ni watoto wa nani?"
Swali halikuelekezwa kwa korti,
kwa hivyo sikulifasiri.
Bado ninalo.

Usidhani namtetea.
Mwaka juzi waliniibia pikipiki, deni lake sijalimaliza,
nami nikamtamani mwizi akatwe vidole,
kimoja kwa kila mwezi wa mkopo.
Hasira ile haikutaka kumfundisha mtu kitu.
Ilitaka kula.
Nikija kuiona kortini, imevaa joho, inajiita funzo,
naitambua kwa meno.

Jioni nikapita kwa Mwidau, nyuma ya Buxton,
auzaye vioo vilivyopotelewa na magari yao.
Nikauliza bei, najifanya nina gari.
"Juzi mia nane. Leo elfu."
"Kwani kuna nini?"
"Si wamemfunga yule kijana? Wenzake wameingiwa na woga kidogo."
"Woga wa mia mbili?"
"Shule zikifunguliwa utashuka," akasema,
akanipangusia kimoja kwa kiwiko, akanishikisha.
Ndani yake mzee mwenye tai, kinywa wazi,
kama mtu aliyepotewa na neno katikati ya ushahidi.
Sikununua. Sikuripoti pia. Hilo nalo liandikwe.

Nikavuka daraja kwa miguu, napiga hesabu:
miezi kumi na minane, gawa kwa mia mbili.
Sikumbuki nilipata nini.
Magari yalikuwa yamesimama, madirisha yamepandishwa,
kila dereva na jicho lake pembeni,
na watoto wawili wanapita katikati wanauza njugu,
au hawauzi njugu.

Kesho nitaapa tena kufasiri kweli bila kupunguza.
Na swali la Kadzo li pale pale, chini ya ulimi,
kama buyu nililolimung'unya tangu Jumatano:
sukari imekwisha, rangi imekwisha,
imebaki kokwa,
na kortini hakuna pa kuitemea.